Ngozi Asiyokuwa Nayo

3 Februari

Kwa Baba Mkubwa,

Shikamoo.

Hunijui. Mimi ni binti, mtoto wa tatu wa mdogo wako, fundi cherehani. Nilizaliwa miaka sita baada ya wewe kuondoka. Anwani yako nimepewa na Shangazi kwa masharti mawili: nisimwambie Baba, na nisijisumbue kukupigia simu. "Simu hapokei," alisema, "lakini barua atajibu hata ikiwa ya muuza sabuni."

Nina swali la kazi. Mimi ni mkalimani wa lugha ya ishara. Sikwenda mbali kuitafuta kazi yenyewe: nimelelewa na baba kiziwi katika nyumba ambayo mikono ndiyo inayogombana na mikono ndiyo inayopatana.

Baba na wenzake kumi na mmoja, wote mafundi, wote viziwi, wana hisa katika kiwanda cha nguo. Walizinunua kidogo kidogo zamani, kiwanda kilipowauzia mafundi wa mjini. Ndiyo akiba yao ya uzeeni, hawana nyingine. Mwezi uliopita akaja dalali wa hisa pale karakanani, kijana mwenye tai nyekundu na viatu vilivyoogopa vumbi. Akawaambia kwamba sasa ni soko la dubu, kwa hiyo wamuuzie yeye hisa zao zote. Karatasi za kuuza zitasainiwa mlangoni siku ya mkutano mkuu wa wenye hisa, tarehe 10 Aprili. Wakichelewa, alisema, watabaki na makaratasi ya kufungia vitumbua.

Mimi ndiye niliyekuwa nikitafsiri, na hapo ndipo nilipoharibu. Alipotaja dubu mikono yangu ilikwama. Hatuna ishara yake. Nikafanya makucha, nikatoa meno, nikaonyesha mnyama mkali akiingia sokoni. Baba Mkubwa, ungewaona! Fundi Mkasi aliniuliza, "Anakula watu?" Kabla dalali hajamaliza chai yake, saba kati yao walikwisha kusema watauza.

Kwetu ishara mpya haibuniwi na mkalimani. Mimi nasikia, ishara si mali yangu. Kazi yangu ni kuleta maana mezani, wao wanakaa, wanauliza "kwa nini" mpaka waridhike, kisha wanachagua wenyewe. Baba ndiye mkuu wa kikao. Basi nimewaomba wakae upya juu ya neno hili, nao wameniuliza: kwa nini dubu? Nikawaambia nilichosoma, kwamba dubu hupiga makucha kwenda chini kama bei zinavyoshuka, na fahali hurusha pembe juu kama bei zinavyopanda. Mama Vifungo, ambaye hajawahi kukubali jambo kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akasema: "Chui naye hupiga kwenda chini. Kwa nini si chui?"

Nikawaomba muda. Shangazi anasema umefanya kazi miaka mingi ndani ya ukumbi wa hisa. Nisaidie. Ishara yangu ikibaki ya uongo, wale watu watauza uzee wao kwa kumwogopa mnyama ambaye hata mimi simjui.

Mwanao,
Mkalimani


14 Februari

Mwanangu Mkalimani,

Marahaba. Nimeisoma barua yako mara tatu: ya kwanza kwa mshangao, ya pili kwa furaha, ya tatu kwa miwani.

Ninakaa chumba cha juu, chini yangu kuna fundi viatu. Nyundo yake inaanza saa moja asubuhi, na mimi huwa nimeamka nikiisubiri. Nina kitanda, meza, vitabu vingi kuliko rafu, na sasa nina barua inayoniita Baba Mkubwa. Sikuwahi kuitwa hivyo. Nimelijaribu neno hilo kwa sauti, fundi viatu akagonga dari kuuliza kama nina mgeni.

Ni kweli, nilifanya kazi ukumbini miaka thelathini na moja. Nilianza na ufagio. Baadaye wakagundua naandika tarakimu vizuri, wakanipa chaki. Kabla ya mashine, bei zote ziliandikwa kwa mkono kwenye ubao mrefu kama ukuta wa shule. Makarani wanapiga kelele huku chini, wewe uko juu ya ubao wa kukanyagia, unafuta, unaandika, unafuta. Waliniita Chaki. Hata mshahara wangu uliandikwa hivyo, "Chaki", mpaka mhasibu mmoja akahoji.

Sasa, swali lako. Mpelekee Mama Vifungo salamu zangu, maana amelishika pale panapovuja. Habari ya makucha na pembe ni nzuri kwa kufundishia watoto, nami nadhani ilibuniwa baadaye, watu walipoona majina yapo tayari na wakataka sababu. Chanzo kinachoaminika zaidi ni kingine. Sikuapii, kwa kuwa maneno ya sokoni hayana cheti cha kuzaliwa. Lakini nakwambia kwa kadiri nilivyosoma.

Zaidi ya miaka mia tatu iliyopita, katika nchi za baridi, ngozi ya dubu ilikuwa bidhaa. Wapo waliowinda, na wapo waliochuuza. Mchuuzi mmoja anakutana na tajiri anayetaka ngozi kwa ajili ya majira yajayo. Anamwambia, "Ninayo. Nipe bei ya leo, nitakuletea baada ya mwezi." Hana hata unyoya. Anachotegemea ni kwamba wawindaji watarudi na ngozi nyingi, bei itaanguka, naye atanunua rahisi, atampelekea tajiri wake, na kinachobaki katikati ni chake. Watu wakaanza kuwaita wachuuzi wa aina hiyo wauza ngozi za dubu, halafu, kwa uvivu wa ulimi, dubu. Jina likahamia kwenye hisa, kwa yule anayeuza hisa asizokuwa nazo akiomba bei ishuke kabla ya siku ya kuzikabidhi. Fahali alikuja baadaye kidogo, awe mwenzake anayeomba bei ipande. Kwa nini fahali na si farasi, hapo sijui, na yeyote atakayekuambia anajua mwangalie vizuri usoni.

Unaona ulipokosea, mwanangu? Si kosa kubwa, wengi wanalifanya. Wewe ulionyesha mnyama. Dubu wa sokoni kwanza alikuwa mtu. Ni baadaye sana ndipo jina lilipotoka kwa mtu likawa la msimu, na watu wakasema "soko la dubu" wakimaanisha bei zinazoshuka kwa muda mrefu. Msimu huo haumli mtu. Unakuja, unakaa, unaondoka. Nimeuandika na kuufuta mara nyingi.

Nina ombi. Usimwambie baba yako maneno haya yametoka kwangu. Mwambie umesoma kitabuni. Na ukipata nafasi, niambie: bado anakata uzi kwa meno?

Baba yako mkubwa,
Chaki


27 Februari

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Ndiyo, bado anakata uzi kwa meno, na daktari wa meno ameshakata tamaa.

Kikao kilikaa Jumamosi karakanani. Waliketi duara, vyerehani vimefunikwa, taa zote zimewashwa ili mikono ionekane. Nikawaeleza habari ya mchuuzi wa ngozi. Nilimwigiza: nikampa tumbo, nikampa kofia, nikamfanya apapase mfuko mtupu huku akiapa anayo. Walicheka mpaka Fundi Mkasi akalia machozi. Mama Vifungo akasema, "Huyu namfahamu, ni mume wangu wa kwanza."

Halafu nikamwona Baba. Hakuwa akicheka. Aliniuliza, "Nani amekusimulia?"

Nikasema, "Nimesoma kitabuni."

"Kitabu gani?"

"Kitabu cha mambo ya hisa."

Akaniangalia kama anavyoangalia mshono uliopinda. "Kitabu hakisimulii hivyo," akasema. "Hiyo ya kupapasa mfuko haiko kwenye kitabu."

Kisha akafanya ishara ambayo sijawahi kuiona maishani mwangu, nami nimekulia mikononi mwake. Aligusa sikio, akagusa mdomo, halafu akafungua kiganja mbele yake kama mtu anayepuliza unga. Fundi Mkasi na Mama Vifungo, ambao wamemjua Baba tangu ujana, waliinamisha macho. Baba akachukua koti lake akatoka. Mpaka leo hajarudi kikaoni, na bila yeye kikao hakikai. Karakana anafungua, anashona, anafunga. Nikimuuliza, anageuza uso. Unajua kwetu kugeuza uso ni nini: ni kufunga mlango na kuondoka na ufunguo.

Nimemuuliza Mama Vifungo ile ishara ni nini. Akanijibu, "Muulize huyo aliyekusimulia." Kwa hiyo naona uongo wangu wa kitabu haukumdanganya mtu yeyote.

Nakuuliza, Baba Mkubwa. Sikio, mdomo, halafu kiganja. Maana yake nini?

Dalali alipita tena jana. Ameacha fomu kumi na mbili, majina yameshachapwa.

Mwanao,
Mkalimani


8 Machi

Mwanangu,

Nimefurahi kusikia habari za meno.

Uliniuliza kuhusu msimu wa bei kushuka. Labda itawasaidia wenzako kujua kwamba katika ukumbi wetu palikuwa na kengele ya kufungulia na kengele ya kufungia, na kwamba katika misimu mibaya zaidi niliyoiona, ile ya kufungia ilipigwa kwa mkono uleule na kwa sauti ileile. Karani mmoja mzee alinifundisha kuandika tarakimu saba bila kuinua chaki. Pia kuna maneno mengine ya sokoni yenye historia ya kupendeza, kama utayahitaji naweza kukuandikia.

Hapa kuna baridi. Fundi viatu amefunga wiki nzima, mkewe ni mgonjwa.

Chaki


17 Machi

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Mpe pole fundi viatu.

Nilikuuliza ishara, ukanijibu kengele.

Zimebaki siku ishirini na nne. Wale saba wako tayari kusaini, wanne wanasubiri Baba aseme neno, na Baba hasemi. Nikienda mkutanoni bila ishara waliyoikubali wenyewe, nitasimama mbele ya ukumbi nikifanya makucha. Wataogopa, watauza, na mimi ndiye nitakayekuwa nimewatisha.

Sikutaka kuingilia yaliyopita kati yenu. Shangazi naye nimemuuliza, akaanza kuosha vyombo vilivyokuwa safi. Lakini hilo lenu sasa limekaa juu ya meza yangu ya kazi, na siwezi kulizunguka.

Ukitaka, usiniandikie mimi. Mwandikie yeye, nitamtafsiria neno kwa neno. Hiyo ndiyo kazi yangu, sitaongeza wala kupunguza.

Mkalimani


25 Machi

Mwanangu,

Umesema kweli. Barua hii msomee baba yako. Nilianza kumwandikia yeye moja kwa moja mara nne nikachana, kwa hiyo naandika kwako naye asimame nyuma ya bega lako.

Ile ishara ni jina langu. Sikio, mdomo: alinipa yeye tukiwa watoto, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa masikio yake na mdomo wake. Tulipofungua karakana, yeye alishona, mimi nilikaa mbele na wateja. Nilipokea kitambaa, nilichukua vipimo, nilipatana, niliandika risiti. Aliyotaka kujua juu ya mteja aliyajua kutoka kwangu tu. Kile kiganja mwishoni amekiongeza mwenyewe baada ya mimi kuondoka, na sina haja ya kukuuliza maana yake.

Mwaka ule baridi ilitangulia. Watu walitaka makoti. Nilipokea malipo ya makoti thelathini na moja, ya wanaume na ya wanawake, nikaahidi miezi miwili. Sikumwambia mdogo wangu hata moja. Nilijua angesema haiwezekani, mtu mmoja hashoni makoti hayo yote kwa muda huo. Nilikuwa na akili zangu. Nilisikia kwamba katika mji mkubwa kuna bohari linalouza makoti yaliyokwisha shonwa, na kwamba mwisho wa mwezi bei yake huanguka. Nikapanga ninunue kwa bei ya kutupa, nirudi, nibandike lebo yetu, niwape wateja wao. Kinachobaki katikati ningempa mdogo wangu cherehani kipya cha umeme. Hilo la cherehani ni kweli, ingawa najua linavyosikika.

Nilimwambia nakwenda siku tatu.

Nilipofika bohari, baridi ile ile iliyowaleta wateja kwangu ilikuwa imewapeleka kwao wateja wa nchi nzima. Bei haikuanguka. Ilikuwa imepanda mara mbili, na makoti yenyewe hayakufika kumi. Nikasubiri wiki, nikisema itashuka kesho. Nilikuwa nakula fedha za makoti huku nikisubiri makoti. Wiki ya pili sikuwa hata na nauli ya kurudi, na kama ningekuwa nayo ningerudi na nini? Nikapanda lori lililokuwa likienda upande mwingine. Siku tatu zile zimekuwa miaka thelathini na minane.

Ulidhani nimesoma kitabuni habari ya dubu. Vitabu vilikuja baadaye. Wiki yangu ya kwanza na ufagio, karani mzee alikuwa akimfundisha mwanagenzi. Akamwambia, "Dubu ni yule anayeuza ngozi asiyokuwa nayo." Niliegemea ufagio. Nilikuwa nimesafiri siku kumi na moja nikijikimbia, nikakuta jina langu limenitangulia.

Jambo moja nataka wenzako walielewe sawasawa, kwa sababu sipendi hatia yangu iwapotoshe. Kuuza usichonacho si lazima kuwe wizi. Katika kumbi nyingi kunaruhusiwa, kuna kanuni zake, watu huazima hisa, wanauza, wanarudisha, na anayenunua anajua. Uovu unaingia pale ambapo kuna mtu mmoja aliyeachwa gizani, naye ndiye mwenye ngozi inayouzwa. Na huyo aliyeuza asichonacho, nimemtazama kutoka juu ya ubao miaka thelathini na moja, ana dalili moja isiyofichika: ana haraka, na haraka yake ina tarehe.

Mdogo wangu, sikuombi kitu. Nilikuachia wateja thelathini na mmoja wenye hasira, wewe usiyeweza kusikia wanachodai. Sijui ulifanyaje. Kila mwaka baridi inapoanza hapa nimejiuliza.

Kaka yako


12 Aprili

Baba Mkubwa,

Shikamoo.

Nilimsomea siku barua ilipofika. Alikuwa akishona suruali ya mwalimu. Nilipofika kwenye makoti aliondoa mguu kwenye kanyagio. Nikamaliza yote. Akaniambia, "Rudia pale bohari." Nikarudia. Akasema, "Tena." Nilirudia mara tatu ile habari ya bei kupanda. Mwishoni aliniuliza, "Kwa hiyo alikuwa na nia ya kurudi?" Nikamwambia mimi ni mkalimani tu, nikampa karatasi asome mwenyewe. Alikaa nayo mpaka giza likaingia, akaikunja, akaiweka kwenye mkebe wa sindano.

Kesho yake alfajiri alikuwa akizunguka nyumba za watu kuitisha kikao.

Walibishana saa mbili. Fundi Mkasi alitaka makucha yabaki kwa sababu alikwisha yazoea. Mama Vifungo alimwambia hata chawa huzoeleka. Ndipo Baba akaonyesha ishara yake: kiganja cha kushoto kitupu, mkono wa kulia unachota humo hewa na kumpa mtu mbele yako, kwa heshima, kama unampa kitu cha thamani. Huyo ni dubu, mtu. Kwa msimu, mikono yote miwili inashuka polepole, hatua kwa hatua, kama mtu anayeshuka ngazi. Ishara mbili, maana mbili. Wakakubaliana wote. Fundi Mkasi akatazama mkono wake mtupu, kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria: "Dalali wetu ana haraka ya nini?"

Juzi ukumbi ulijaa. Mafundi walikaa mstari wa mbele, mimi nimesimama jukwaani pembeni ya mwenyekiti. Dalali alikuwa mlangoni na meza yake na fomu zake. Mwenyekiti alieleza hali ya kiwanda, alisema tumo katika soko la dubu. Nikashusha mikono ngazi kwa ngazi. Kumi na wawili wakaitikia kwa vichwa, hakuna aliyetoa macho. Nusura nilie, nikajizuia, mkalimani halii kabla ya msemaji.

Ulipofika wakati wa maswali Baba alisimama. Mikono ikawa yake, sauti ikawa yangu.

"Mimi ni fundi," alisema. "Swali langu ni kwa yule bwana wa mlangoni. Unataka hisa zetu kabla ya leo jioni. Je, umekwisha kumuuzia mtu?"

Dalali akacheka. "Mzee, hizo ni siri za kibiashara."

"Sikuulizi jina lake. Nauliza kama umekwisha uza."

"Mwenyekiti, naomba tuendelee na ajenda."

Mwenyekiti, mama mmoja mwenye sauti ndogo, alivua miwani. "Na mimi ningependa kusikia jibu," alisema.

Dalali alikunywa maji. Alikunywa glasi nzima, Baba Mkubwa, na watu mia tatu wakimtazama akimeza. Mwishowe akakiri kwamba "kuna mteja aliyeahidiwa". Ukumbi ukavuma. Baba, ambaye hakuusikia mvumo huo, aliuona kwenye nyuso. Akamwonyesha dalali ile ishara, kiganja kitupu, mkono unaochota, unampa mtu kwa heshima. Akaketi.

Sikuitafsiri. Kila mtu alielewa.

Hawakusaini. Isipokuwa Mama Vifungo: aliuza nusu ya hisa zake, na bei alitaja yeye. Dalali alipoguna, Mama Vifungo alimwandikia kwenye karatasi, "Basi nenda kawinde." Akalipwa.

Sasa jambo la mwisho. Jana Baba alikuja kwangu na bahasha. Alisema, "Hii isome au usisome, lakini usiirekebishe." Naifunga humu kama ilivyo.

Mwanao,
Mkalimani


11 Aprili

Kaka,

Mimi naandika mwenyewe. Mkono wangu si mzuri kama wako.

Makoti hayakuwa thelathini na moja. Yalikuwa thelathini na matatu. Wawili walikuja hawana risiti. Mmoja alikuwa mjane, mmoja alikuwa mwongo. Niliwashonea wote wawili, sikuweza kujua nani ni nani.

Unauliza nilifanyaje. Walikuja wanafungua midomo. Mimi sikuelewa. Walidhani nakataa. Mmoja alivunja kioo. Siku ya nne ya kuja kwao nikanunua kibao cha shule na chaki, nikaweka mlangoni. Wakaandika. Hapo ndipo nilipojua. Nilishona mwaka mmoja na miezi miwili. Kitambaa nilikopa. Baada ya koti la ishirini watu wakaanza kuniletea kazi kwa sababu walisema yule kiziwi analipa deni lisilo lake. Mji mzima ukanijua. Jina hili nililonalo nililishona kwa makoti yako.

Sikukasirika kwa ajili ya makoti. Ulinifanya nisimame dirishani siku tatu, halafu kumi, halafu nikaacha kuhesabu. Nilidhani umekufa, na hakuna aliyeweza kuniambia kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa wa kuniambia.

Katika hadithi yako kuna mchuuzi na kuna tajiri. Dubu mwenyewe, mwenye ngozi, hakuna aliyemuuliza. Mimi nakwambia. Dubu alikuwa anangoja.

Binti anasema kwako kuna baridi. Niandikie kifua, bega kwa bega, urefu wa mkono, urefu wa mgongo. Jipime asubuhi, usibane pumzi kama ulivyokuwa unafanya. Kama una kitambi andika kitambi.

Litakuwa la thelathini na nne. Hilo usililipie kabla. Utalipa ukija kulijaribu.

Mdogo wako,
Fundi